Nadai Kwamba Ni Pasaka

Jumatatu, 18 Machi

Leo maisha yangu yamepata mwelekeo. Umri miaka thelathini na minne. Meza mlangoni. Kila anayeingia ofisini ananiletea upepo wa ngazi, na mwaka wa nne huu shingo inauma upande mmoja. Sasa bosi wetu, Radostina, ametangaza kwamba kikundi chetu kitapata mkuu, na mkuu atakaa dirishani, kando ya kipasha joto. Wagombea wawili: mimi Blagoy, na Zornitsa anayekaa mbele yangu.

Tunamwandikia programu Mzee Mincho, mwenye maduka kumi na moja ya mikate hapa Plovdiv na miji ya jirani. Programu itaagiza unga na mayai na kuwaambia waokaji waoke nini na lini, kuanzia na kozunak, mkate mtamu wa Pasaka. Lakini kwanza kila mmoja wetu aandike majaribio ya sehemu yake. Jaribio ni programu ndogo inayoikagua ile kubwa. Ndani yake unaweka dai: nadai kwamba mbili na mbili ni nne. Dai likiwa kweli, skrini ya ukutani inaweka kitone cha kijani. Likiwa uongo, chekundu. Ijumaa, mwenye kijani kingi bila doa ndiye mkuu.

Zornitsa tayari ana vitone arobaini. Mimi sina hata kimoja. Akaniuliza kwa upole kama nataka anisaidie. Nikamwambia asante, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akanitazama kipara, akarudi kazini.

Sehemu yangu si ngumu: kutafuta tarehe ya Pasaka na idadi ya kozunak. Hesabu ya tarehe niliiokota kwenye mtandao, kwa Mjerumani mmoja aliyeiandika vizuri sana. Jioni nikamwomba Mama jibini. Akanikumbusha kwamba tuko kwenye mfungo, na jibini nitaliona Pasaka, Mei tano. Mei! Nimekula maharage.

Jumanne, 19 Machi

Nimepata njia. Niliamka nayo kichwani, imeiva kabisa. Kwani nani alisema dai lazima liwe gumu? Nikaandika: nadai kwamba kweli ni kweli. Kitone cha kijani hicho! Nikalinakili mara mia moja. Kufikia saa nne upande wangu wa skrini ulikuwa kama uwanja wa mpira baada ya mvua. Radostina akasimama na kahawa yake, akasema hakujua kama nina kasi hiyo. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba hata mimi sikujua.

Furaha ilidumu mpaka chakula cha mchana. Zornitsa akayafungua madai yangu, akaanza kuyasoma kwa sauti, moja moja, kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu mtihani. Kweli ni kweli. Kweli ni kweli. Alipofika la kumi na mbili watu wa chumba cha pili walikuwa wamekuja kusikiliza. Radostina akanieleza taratibu, kwa sauti wanayotumia wauguzi, kwamba dai linalinganisha vitu viwili: jibu tunalolitarajia na jibu programu iliyolitoa. Akafuta yote mia. Nimerudi nyumbani na hasira. Maharage tena.

Jumatano, 20 Machi

Vitu viwili wanataka, vitu viwili watapata.

Siri ni hii: kwa nini nihangaike kufikiria jibu ninalolitarajia, na programu yenyewe inalijua? Naiuliza kwanza. Inajibu. Naandika kwamba hilo ndilo nililokuwa nikilitarajia. Programu imesema Pasaka ya mwaka huu ni Machi thelathini na moja. Nami nikaandika: nadai kwamba Pasaka ni Machi thelathini na moja. Kijani! Nikaiuliza ya mwakani, nikaiuliza ya mwaka 2060. Kila ilichosema, nilidai, mpaka vitone vikakaribia mia tena. Programu na mimi tunakubaliana kwa kila jambo, na kuna ndoa ngapi mtaani kwetu zinazoweza kusema hivyo?

Mama akapiga simu katikati ya ushindi wangu. Alitaka kunijulisha kwamba zimebaki siku arobaini na sita kufika Pasaka, na kwamba magoti yake hayatafika. Nikamwomba ahesabu kimya kimya maana nina kazi ya Pasaka hapa.

Doa moja tu. Mwaka jana Mzee Mincho aliuza kozunak elfu nne. Programu yangu inataka elfu saba na mia nane. Sijui imezitoa wapi. Elfu nne nimeipata kwa Mzee mwenyewe na Radostina anaijua, kwa hiyo hapo siwezi kudai ninavyotaka. Kitone chekundu. Nimelala vibaya.

Alhamisi, 21 Machi

Mungu hamtupi mja wake, hata akimpitishia baraka mdomoni mwa adui.

Zornitsa naye alikuwa na chekundu! Alidai kwamba unga uliokandwa ni kilo tatu, na kompyuta ikaleta kilo tatu na chembe isiyoonekana, maana kompyuta na desimali hazipatani. Nikacheka mpaka nikakohoa. Radostina akamwambia hilo si kosa. Kwenye vipimo unaruhusiwa kuachia kosa dogo. Unasema: nadai kwamba ni kilo tatu, kwa kuachia gramu moja. Zornitsa akaandika hivyo, kikageuka kijani.

Masikio yangu yalisimama. Kuachia! Kumbe hili neno lilikuwepo siku zote na hakuna aliyeniambia? Nikakimbilia mezani. Nadai kwamba kozunak ni elfu nne, kwa kuachia elfu nne.

Kijani. Nikambusu panya wa kompyuta.

Saa tisa likatokea jambo la kuudhi. Kitone chekundu kimeibuka katikati ya bustani yangu, na sikukiweka mimi. Zornitsa ameongeza dai lake moja kwenye sehemu yangu. Nikamuuliza ni desturi ya wapi hiyo, kuanika nguo kwenye kamba ya mwenzio. Akasema nilisome, ni mstari mmoja tu. Sisomi uchokozi. Kulifuta sithubutu, kila anayefuta jina lake linaonekana. Lakini nimegundua kwamba dai linaweza kulazwa. Unaliandikia neno moja juu yake, nalo linasinzia, halikaguliwi, na kitone chake kinakuwa cha njano. Njano si nyekundu. Njano ni rangi ya alizeti.

Ijumaa, 22 Machi

NIMESHINDA.

Mimi: kijani mia moja, njano moja. Zornitsa: kijani sitini na moja, nyekundu moja, ambayo anasema haizimi mpaka sehemu ya programu ya kukanda unga irekebishwe kweli. Ukaidi huo ndio umemponza. Radostina akauliza njano yangu ni ya nini. Nikasema inapumzika. Zornitsa akasema angalau mtu mmoja alisome dai lile kabla programu haijaondoka. Nikamjibu mbele ya wote kwamba kushindwa ni sehemu ya maisha, dada, na wivu haujengi. Radostina alikuwa na haraka ya kupiga simu. Saa kumi programu ikaenda kwa Mzee Mincho.

Njiani nikaona mplamu umechanua. Nikafungua ule uzi mwekundu na mweupe niliofunga mkononi tangu Machi mosi, nikautundika kwenye tawi na kuomba ombi langu kama desturi yetu inavyotaka. Niliomba kipasha joto kisiharibike.

Jumatatu, 25 Machi

Siku ya jina langu! Leo ni Blagovets, sikukuu ya kanisa yenye jina kama langu, na kila Blagoy anasherehekea, na mwenye siku ndiye anayewalisha wenzake. Nikaingia na sinia mbili za vitamu vya jozi visivyo na siagi wala maziwa, kwa heshima ya wafungaji. Nikazigawa nikiwa nimekaa. Dirishani. Miguu ina joto. Shingo inageuka pande zote mbili. Nimeigeuza siku nzima, bila sababu.

Mzee Mincho akapiga simu kunitakia heri. Akaongeza kwamba mayai yamefika, malori mawili, na yeye ni mtu wa zamani, lakini si yamefika mapema mno? Nikamtuliza. Nikamwambia, mzee wangu, majaribio mia moja yamepita. Akasema haya, nyinyi ndio mliosoma.

Zornitsa akachukua vitamu viwili. Akasema vizuri, sasa liamshe lile dai la njano. Nikamwambia leo ni sikukuu, hata madai yanastahili kulala.

Alhamisi, 28 Machi

Nitaandika tu kama ilivyokuwa.

Saa tatu asubuhi harufu ya mayai na siagi ikapanda ngazi kabla ya mtu yeyote. Halafu akaingia Mzee Mincho, aproni kiunoni, nyusi nyeupe kwa unga, kozunak kila kwapa. Akasimama pale mlangoni, kwenye meza yangu ya zamani, akatusalimia kwa salamu ya Pasaka: Kristo amefufuka, wanangu?

Radostina akasema polepole, bado, mzee, bado wiki tano.

Mzee akasema ndivyo alivyokuwa akidhani yeye, na padri wake, na mke wake, na wateja wote wanaokula maharage. Ila mashine iliwaamsha waokaji wake usiku kwa siku mbili mfululizo, wakaoka kozunak elfu saba na mia nane. Chini kuna malori matatu. Jumapili ni Pasaka, mashine imeapa. Sasa amekuja kumwona huyo msomi aliyemwambia majaribio mia moja yamepita.

Nilijaribu kuuficha uso nyuma ya kipasha joto. Kinachoma.

Radostina akafungua madai yangu, akasoma. Akafika kwenye elfu nne kwa kuachia elfu nne, akavua miwani, akaifuta, akasoma upya. Kisha akafika kwenye kitone cha njano. Akaliamsha dai la Zornitsa, likawaka jekundu papo hapo. Lilikuwa mstari mmoja kweli: nadai kwamba Pasaka ni Mei tano.

Mei tano! Mama ameniimbia tarehe hiyo juu ya sahani tangu mfungo uanze! Yule Mjerumani alikuwa amehesabu Pasaka ya kwao, ya Wakatoliki, na mimi Mwothodoksi, mtoto wa mama mfungaji, nimeidai mpaka mwaka 2060. Nilitamani sakafu ipasuke.

Aliyetuokoa ni Zornitsa, na hilo linauma kuliko shingo. Mama yake anatoka Rakovski, mji wa Wakatoliki. Kumbe yeye hula Pasaka mbili kila mwaka, ndiyo maana alijua. Akampigia shangazi yake, shangazi akampigia padri, na kabla ya saa sita malori mawili yalikuwa njiani kuelekea Rakovski. Lori la tatu limebaki. Mchuma janga hula na wa kwao: ofisi nzima imepewa kozunak sita kila mtu, na nusu ya ofisi inafunga.

Zornitsa ndiye mkuu. Nimerudi mlangoni. Radostina amenipa mpaka kesho jioni: kosa la tarehe nilimalize, na dai la Mei tano liwe kijani mahali pake, bila kulala, bila kuguswa hiyo Mei tano. Likishindikana, nisije Jumatatu. Mzee Mincho alipokuwa anatoka akanishika bega, akasema, mwanangu, hata mimi mkate nauonja kabla ya kuuza. Nilikaribia kulia. Mama amekataa kozunak zote sita, akanipakulia maharage.

Ijumaa, 29 Machi

Usingizi umenisafisha akili. Naona mambo kwa utulivu.

Rakovski wamezimaliza zote, na wameomba nyingine. Kwa hiyo tukisema ukweli, programu yangu haikukosea tarehe. Ilikosea kanisa. Nimejaribu kumweleza Radostina hivyo, akaniomba nikae.

Nikakaa. Upepo wa ngazi shingoni. Nikaifungua ile hesabu ya Mjerumani ili niirekebishe. Kurasa tatu za mwezi mpevu na masalio ya kugawanya kwa kumi na tisa. Nikaifunga. Nikalitazama dai lenyewe, jekundu, macho makavu. Nadai kwamba Pasaka ni Mei tano. Nikakumbuka maagizo: lisilazwe, na Mei tano isiguswe. Sawa. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Hawakusema lolote kuhusu mwisho wa mstari.

Nikahesabu kwa vidole tangu Machi thelathini na moja. Nikahesabu tena kwa uhakika. Kisha nikaandika: nadai kwamba Pasaka ni Mei tano, kwa kuachia siku thelathini na tano.

Kijani! Na programu sijaigusa hata nukta!

Radostina ametazama skrini kutoka mbali, akanionyesha dole gumba. Jumatatu nakuja kazini. Zornitsa bado yuko kwenye simu na shangazi yake, hajasoma. Nimekisogeza kiti changu sentimita kumi kuelekea kwenye kipasha joto, na hakuna aliyesema kitu.