Birika la Mama Mkwe Mnadani

Jumatatu, 9 Juni

Nimevunja birika la mama mkwe. Mdomo umekatika pu! Sikuwa na nia mbaya. Nililitoa kabatini nilipige picha, nijue tu lingefika bei gani kwenye ule mnada wa vitu vya kale mtandaoni. Kujua tu! Likateleza kwenye kitambaa cha meza. Kauri, maua ya bluu, zawadi ya harusi yake. Alituazima tulipohamia hapa, na Jumapili anakuja kulichukua. Mke wangu hajui. Akijua, humu ndani hamkaliki.

Nimeligundisha kwa gundi ya vigae kutoka stoo ninakofanya kazi. Gundi hiyo hushika ukuta mzima. Mdomo umeshika, ila unatazama juu kidogo.

Jumanne, 10 Juni

Bahati imeniangukia! Birika kama lile lile, maua yale yale, liko mnadani. Mnada unafungwa Ijumaa jioni. Nikilipata, nalibadilisha kimyakimya, mambo yameisha. Nimeweka dau kwa jina langu la huko, Mkaguzi Mkuu.

Lakini mimi si wa kuchezewa. Wakati wa chakula nilijibanza nyuma ya maboksi ya vigae nikamchunguza muuzaji. Picha moja tu, ya ubavuni, kitako hakionekani. Kila kitu chake ni "nadra sana", hata vijiko. Wateja waliomsifu wameandika maneno yale yale, na wote walijiunga mwezi ule ule. Nikamwomba picha ya kitako. Kajibu kwamba kamera imeharibika. Kamera! Na vijiko alivipiga asubuhi hii hii!

Jumatano, 11 Juni

Dau langu limepitwa. Na nani? Mtu anayejiita Waridi Jeupe. Nikaongeza. Akaongeza, kidogo kabisa, kile kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Nikaongeza tena, nikaenda kunywa maji. Kurudi, kashanipita.

Akaunti yake ina wiki mbili. Hajawahi kununua chochote. Hana dau kwingine kokote. Kazi kwisha: Waridi ni muuzaji mwenyewe kwa jina jingine, ananipandishia bei.

Mke wangu kauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema kazini mambo ni mazuri.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemuumbua hadharani, chini ya tangazo, kila mtu asome. Nimemwambia Waridi kwamba ni chambo cha tapeli na aone haya. Kajibu kwa adabu, herufi kubwa tupu, kwamba yeye ni mtu mzima, ana wajukuu, na birika analitaka kwa ajili ya binti yake. Wajukuu! Nani asiye na wajukuu siku akibanwa? Nikamjibu kwamba wajukuu wa bibi wa aina hiyo lazima ni wezi watupu. Watu wakacheka sana. Nilijisikia vizuri mpaka jioni.

Malalamiko nimeyapeleka kwa wasimamizi wa mnada.

Ijumaa, 13 Juni

Ushindi! Wasimamizi wamemfungia muuzaji. Ni tapeli kweli, watu wengi walishamlalamikia. Waridi naye kafungiwa. Tangazo limeondolewa. Nilizunguka stoo nzima nikipiga mluzi, nikamsalimia hata mhasibu.

Nilikuwa nafunga stoo ndipo nilipokumbuka kwamba birika nilikuwa nalihitaji.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe kaja. Nikampokea mzigo, nikamvutia kiti kizuri. Chai ilitoka kwenye chupa. Birika liko juu ya kabati, mdomo umeelekea ukutani.

Aliuliza habari za kazi, kisha akaanza kulia. Eti aliona mnadani birika kama lake. Akajifunza kutumia simu kwa ajili hiyo tu, amnunulie binti yake, ili akichukua hili asituache mikono mitupu. Basi mtu mmoja asiye na malezi akamwita tapeli mbele ya umati. Akawaita na wajukuu wake wezi! Wajukuu wenyewe, yaani wanangu wawili, walikuwa wamemkalia mapajani wakila biskuti.

Chai ikanipalia. Niliona aibu, aibu ya kweli, masikio yakawaka moto. Mke wangu akasema mtu wa namna hiyo ni wa kupigwa makofi. Nikaitikia. Mama mkwe akaniomba, kwa kuwa mambo ya mitandao nayajua, nimtafute huyo mhuni. Nikasema, mama, niachie mimi.

Lakini nilikuwa naenda kusema ukweli. Naapa! Nilikuwa natafuta tu neno la kuanzia. Yeye akainuka, akalifuata birika lake, akalizungusha, akalishusha kwa kulishika mdomo. Mdomo ukabaki mkononi. Birika lenyewe likaenda sakafuni.

Akaangalia vipande, akaangalia mkono wake. Akasema mikono yake sasa imezeeka, haifai kushika kitu. Akaniomba radhi, mimi, kwamba nimemtunzia birika lake miaka yote hii na yeye kalivunja siku moja. Machozi tena. Mke wangu na watoto wakanigeukia, wakingoja nitasema nini.

Nikamsamehe.