Wasindikizaji wa Bwana Shirima

Jumanne, 14 Juni 1994

Safari imeiva. Ijumaa tunapanda ndege kwenda Mombasa, na jioni yake tunaingia kwenye meli ya watalii. Mimi, mke wangu Severa, na watoto wetu Ansbert na Joyceline. Ni zawadi yangu kwa Severa kwa jubilei ya ndoa yetu. Mwanaume mwingine angenunua kitenge.

Meli itapita Unguja, itafika hapa Dar Jumatatu, halafu itarudi Mombasa. Wakala wa tiketi alisema kwa kuwa meli yenyewe inakuja Dar, tungeweza kuipandia hapa hapa bandarini na kuokoa nauli ya ndege. Nikaona huyu kijana hajui mambo. Kutoka Kariakoo hadi bandarini mtu anaweza kwenda kwa miguu. Nani anasindikizwa kwa miguu? Uwanja wa ndege ndipo mtu anaposindikizwa. Anapanda ngazi, anageuka, anapunga mkono, watu wote wanaona.

Severa alisema ana ombi moja tu. Tangu tuoane, safari zetu zote ni zile za Desemba, kwenda kwetu Rombo kwa basi, yeye kapakata mtoto au katoni ya sabuni, mimi niko mbele napiga soga na dereva. Safari hii anataka tukae viti vya jirani, mikono mitupu, tuongee. Nikamwambia hilo ni dogo mno, aombe jingine. Akasema hana jingine.

Jumatano, 15 Juni

Leo nimempa Hasmukh habari. Hasmukh ana duka la khanga na vitenge vya jumla, ukuta kwa ukuta na langu la vyombo vya plastiki. Ananishinda kila siku, tena kwa upole. Nikiweka bango la rangi, yeye anaweka la taa. Nikinunua feni, yeye anafungua madirisha ya kioo. Na hasemi kitu. Hicho ndicho kinachoniudhi.

Nilikaa dukani kwake asubuhi nzima nikiisifia meli. Bwawa la kuogelea juu ya bahari. Chakula kutwa. Mkewe, Jasvanti, aliacha kukunja vitenge akawa ananisikiliza. Aliuliza jina la meli mara mbili. Wivu huo.

Hasmukh akanipa ushauri bila kuombwa, maana amesafiri sana. Fika mapema. Beba begi dogo. Watu wa kukuaga waagie nyumbani, uwanjani uwe wewe na pasipoti yako. Nikamshukuru kwa adabu. Huo ni ushauri wa mtu asiye na watu.

Jioni nilimuuliza kama Ijumaa atakuwepo uwanjani. Alisema atakuwepo, tena atawahi kuliko mimi. Nimefurahi hadi nimempunguzia bei ya ndoo.

Alhamisi, 16 Juni

Nimenunua koti. Bluu ya bahari, vifungo vya dhahabu. Muuzaji wa mtumba pale Mtaa wa Kongo aliapa kwamba lilikuwa la nahodha wa Ulaya. Linabana kidogo kwapani, lakini nahodha hahitaji kunyanyua mikono.

Wasindikizaji wamekamilika. Jumuiya yetu ya kanisani, yote. Ndugu wa Buguruni, wote. Shemeji yangu Candida, mdogo wake Severa, ndiye atakayeongoza nyimbo, na wakati tupo safarini atashika duka. Bakili, anayenibebea mizigo ya dukani, atatubeba kwa pikapu yake. Nimemwagiza azunguke soko zima kabla ya kushika barabara ya uwanja wa ndege.

Severa aliuliza kama ni lazima. Nikamwambia anisikilize, mimi ndiye ninayejua safari.

Ijumaa, 17 Juni

Naandika nikiwa nyumbani. Nitaeleza.

Asubuhi ilienda vizuri. Tulizunguka soko, honi inalia, Candida anaimba. Wachuuzi walituachia njia. Duka la Hasmukh lilikuwa limefungwa, nikajua ametangulia kutusubiri. Uwanjani tulichelewa kidogo kwa sababu ya kuzunguka. Tukakabidhi mizigo. Severa akaweka tiketi na pasipoti zote kwenye mkoba wake, akasema twende ndani.

Nilimwambia atangulie na watoto, mimi nakuja. Hasmukh nilikuwa sijamwona bado. Watu wote wale, koti lile, halafu asione? Nikapanda juu kwenye roshani ya kupungia wasafiri, ili nimtafute vizuri katika umati. Jumuiya wakanifuata.

Nikiwa pale, kipaza sauti kikaita jina langu. Bwana Gaudens Shirima. Uwanja mzima! Nikainua mkono kadiri koti lilivyoruhusu. Akina mama wakapiga vigelegele. Likaitwa tena. Nikawaambia kwa kweli sikutegemea heshima kubwa hivi. Mara ya tatu Candida akauliza mbona wanasema abiria anayesubiriwa. Nikamjibu wakubwa husubiriwa.

Halafu nikamwona Joyceline juu ya ngazi za ndege. Nyuma yake Ansbert. Nyuma yao Severa, anageuka, anaangalia chini, anaangalia huku na huku. Nikampungia. Hakuniona, alikuwa ananitafuta kwenye ngazi. Mlango ukafungwa. Na kwenye dirisha la mbele kabisa, kipara ninachokijua. Hasmukh. Amekaa, amefunga mkanda. Akanipungia mkono.

Nami nikampungia. Sijui kwa nini.

Nilishuka mbio. Afisa niliyemkuta chini alisema ndege imeshaanza kutembea. Nilimwonyesha vifungo vya koti. Havikusaidia. Jumuiya wakanipakia kwenye pikapu wakanisindikiza kurudi, na kwa kuwa nyimbo zilikuwa zimekwisha, wakazianza upya.

Jumamosi, 18 Juni

Nimejificha stoo, nyuma ya duka, kati ya madumu na mabeseni. Kariakoo nzima inajua nimesafiri. Nguo zangu zote zimekwenda Mombasa. Nimevaa bukta ya Ansbert na koti.

Wateja wanamuuliza Candida habari za Mzee. Anawajibu yuko baharini. Mmoja alisema bila mimi hapa pamepoa, hata bei zinasikika vizuri. Nikapiga chafya. Candida akasema ni panya.

Ushauri kwa wasafiri, ambao huenda siku moja nikauchapisha: usimwamini jirani anayewahi.

Jumapili, 19 Juni

Severa amepiga simu kutoka Unguja. Niliikimbilia hadi nikaangusha mnara wa ndoo. Nilidhani atanifokea, nikawa nimeandaa majibu. Hakufoka. Sauti yake ilikuwa tulivu, na hilo liliniuma zaidi.

Alisema Ansbert alitaka kushuka kunifuata, ndege ikawa imeondoka. Alisema Hasmukh na Jasvanti wanawaangalia vizuri. Jasvanti alikata tiketi siku ile ile niliyoisifia meli, akamwambia mumewe kama Bwana Shirima anapita Mombasa basi iko sababu. Hasmukh ametuma salamu. Anasema safari ni nzuri na anashukuru kwa ushauri wangu.

Kisha Severa akanieleza taratibu, mara mbili. Kesho meli iko Dar tangu asubuhi. Inaondoka saa sita mchana. Jina langu limeachwa kwenye geti la bandari. Pasipoti yangu anayo yeye, atanisubiri chini ya ngazi ya meli. Kuna viti vya kukaa nje, vinaangalia bahari. Kimoja ni chake, na cha pembeni ameweka mkoba watu wasikae. Zimebaki siku mbili tu za safari, alisema, lakini zinatosha. Nije peke yangu, nisibebe kitu.

Nilisema ndiyo, mke wangu. Nilisema kwa moyo wote. Baada ya kuweka simu nilikaa kwenye dumu nikawaza kiti kile.

Halafu nikawaza Hasmukh. Ataniona napanda ngazi kimya kimya, mtu aliyeachwa na ndege, kama mzigo uliopotea. Jumuiya nao walitoka kunisindikiza wakarudi na mimi kwenye pikapu. Watu hao ninawadai? Wananidai. Mtu hawezi kusindikizwa nusu.

Nimeagiza matarumbeta.

Jumatatu, 20 Juni

Mpango ulikuwa mzuri. Hilo niliandike kwanza.

Saa nne kamili tulikuwa getini. Mimi, jumuiya, na wapiga tarumbeta wa harusi, wote kwenye pikapu ya Bakili. Mlinzi aliona koti akanipigia saluti. Akatafuta jina langu, akalikuta, akasema karibu mzee, pita. Nikamwambia na hawa. Akasema hawa hapana. Nikamwambia ni wasindikizaji. Akasema bandari si ukumbi wa harusi, wewe pita, wao wabaki.

Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja ndani. Meli niliiona, nyeupe, ngazi imeshushwa. Chini ya ngazi palikuwa na mtu mmoja amevaa kitambaa cha kichwa cha njano. Severa anacho cha hivyo.

Lakini tarumbeta zipigwe wapi? Hapo ndipo akili ikafanya kazi. Meli yoyote ikitoka lazima ipite pale Kivukoni, mlangoni mwa bandari, karibu kabisa na soko la samaki. Niwapeleke pale, niwapange mstari, niwape maelekezo, nirudi, nipande, nikipita niko juu na Severa, wao wako chini wanapiga. Hasmukh asikie hadi Mombasa. Saa ilikuwa bado kabisa. Candida alisema, shemeji, panda meli, sisi tutajipanga. Nikamwambia kupanga si kazi ya mtu yeyote.

Pale Feri, kwenye soko hilo la samaki, palikuwa na mnada. Wapiga tarumbeta walianza kujaribu vyombo, dalali wa samaki akawa hasikiki, mteja mmoja akajikuta amenunua tenga la vibua ambalo hakulitaka. Ugomvi. Nikauamua, na mimi ndiye niliyebaki na vibua. Kisha ikaonekana wapiga tarumbeta wanajua nyimbo za kumleta bibi harusi tu. Hawana hata moja ya kuondoka. Nikaanza kuwafundisha. Mpiga ngoma alikuwa mzito kuelewa. Nilisimama mbele yake nikampigia makofi, taratibu, tena, tena.

Nikaona watu wote wananiangalia, halafu wananyoosha vidole nyuma yangu. Candida ananivuta koti. Nilimwambia asubiri, ndiyo kwanza anaanza kushika. Honi ikalia, kubwa, hadi vibua vikatikisika. Nikasema itakuwa meli nyingine.

Ilikuwa ile ile. Ilipita karibu hivi kwamba niliwaona mmoja mmoja. Joyceline na Ansbert wanapunga. Hasmukh na Jasvanti wamesimama kwa heshima. Severa kasimama mbele yao, kitambaa cha njano. Hakupunga. Alikuwa ameshika kitu usoni kwa mikono miwili. Nadhani ni leso. Nadhani alikuwa analia kwa kunikosa.

Mpiga ngoma akapata mdundo hapo hapo. Lazima nikiri, walipiga vizuri sana.

Saa ya Bakili ilisema saa sita na dakika chache. Meli kubwa namna ile, kuondoka kwa wakati. Ushauri kwa wasafiri: meli ni tofauti na mabasi.

Jioni nimekula vibua peke yangu. Nyumba ni kimya. Nimeshindwa kumaliza.

Jumatano, 22 Juni

Wamerudi. Nilitaka kwenda uwanjani na watu wachache, lakini waliwahi kufika, Hasmukh aliwapa nafasi kwenye gari lake.

Severa amependeza. Uso umelainika, amepata rangi. Nilimpokea begi, nikamwomba radhi, nikamweleza kosa la mlinzi, la dalali na la mpiga ngoma. Alisikiliza hadi mwisho. Nilimuuliza kama alilia. Akasema hapana, Baba Ansbert, sikulia.

Nikamuuliza kuhusu kiti. Alisema alikaa nacho. Siku ya kwanza alikuwa anakiangalia kila mara. Hasmukh alitaka kukikalia, akamkatalia. Baada ya Dar aliondoa mkoba, akanyoosha miguu juu yake. Alisema alikizoea.

Nimefurahi kusikia kwamba viti vilikuwa vizuri.

Jumamosi, 25 Juni

Picha zimetoka studio. Kumbe kile alichoshika usoni ilikuwa kamera.

Picha ni safi. Imepigwa kutoka juu ya meli. Soko la samaki lote linaonekana, tenga la vibua, jumuiya wamenyanyua mikono, Candida amefungua mdomo anaita, tarumbeta zinang'aa. Kila mtu anaangalia meli. Mmoja tu, katikati, amegeuza mgongo, mikono juu, anampigia makofi mpiga ngoma. Koti limekaa vizuri sana mgongoni. Kwa nyuma huwezi kujua kwamba linabana.

Severa aliiangalia muda mrefu, akasema hii ndiyo picha pekee aliyonayo ya sisi wawili safarini, yeye nyuma ya kamera. Nikamwambia tuikuze, tuitundike dukani, upande wa ukuta wa Hasmukh.

Halafu akanipa habari njema. Yeye na Jasvanti wamekubaliana kusafiri tena mwakani. Wao wawili. Watapandia meli hapa hapa Dar, na wamenunua mabegi madogo. Alisema ameona aniambie mapema.

Nimeguswa kwamba ameniambia mimi kwanza. Mwaka mzima ni muda wa kutosha kwa mtu anayejua kupanga. Bandarini kutoka dukani ni karibu, watu wanaweza kutembea, na maandamano ya miguu yanaonekana vizuri kuliko pikapu. Nimeshaongea na yule mpiga ngoma. Safari hii nachukua bendi mbili.