Sufuria Moja, Sabuni Mbili

Jumanne, 1 Septemba 1959. Chake Chake.

Hija Bakar kanisalimia leo. Yeye mwanzo! Miaka minane mie ni wakala wa Sabuni ya Mwezi, ya Waingereza, naye ni wakala wa Sabuni ya Taji, ya Waholanzi. Miaka minane tukikutana njiani, kila mmoja hukumbuka ana shughuli upande wa pili. Leo mlangoni mwa posta kaniuliza hali yangu, hali ya mke wangu, hali ya mbuzi wangu. Mkononi ana barua yenye stempu ya Ulaya. Akasema amesikia wakubwa wetu huko wanazungumza. Wanazungumza nini? Akasema Mungu ndiye ajuaye, akaenda zake.

Mtu hakuulizi hali ya mbuzi bure. Huyu anataka kunipokonya wateja wangu. Tena Maulidi yako mlangoni, kila nyumba inafua kanzu!

Alhamisi, 3 Septemba.

Nimekwenda kumchunguza Nurmohamed, mwenye duka anayeuza sabuni zetu zote mbili. Nikajifanya nanunua kiberiti. Akaniambia kasoma katika gazeti la Mombasa kwamba kampuni kubwa za Ulaya siku hizi zinaungana, iliyokuwa adui jana leo ni ndugu. Nikacheka. Mwingereza na Mholanzi waungane kwa sabuni? Hizo ni habari za Hija, kazipandikiza ili nilale.

Sikulala. Nimepanda gari la mbao mpaka Kengeja, ambako Taji ndiyo inayouzika. Nikapiga hodi kwa Bi Mwanapili, kungwi anayejulikana na kila mwanamke wa kusini. Sikumsingizia mtu. Nimeuliza tu: hivi mafuta ya sabuni ya Taji, kule kwa Waholanzi, yanatoka kwa mnyama gani? Bi Mwanapili akaweka chini kikombe chake cha kahawa. Hakukiinua tena.

Ijumaa, 4 Septemba.

Swali langu limefika Chake kabla ya sala ya Ijumaa, na njiani limeota pua na mkia. Kengeja nzima wanasema Taji inapikwa kwa mafuta ya nguruwe. Wanawake wameitupa majaani. Nurmohamed kaagiza makasha manane ya Mwezi!

Mwatum, mke wangu, kaisikia habari kisimani. Akaniuliza kama ni mimi. Nikasema mimi nimeuliza tu. Akasema kwa miaka kumi na moja aliyoishi nami hajaniona nikiuliza swali ambalo sijalichagulia jibu. Nani kamfundisha maneno hayo? Mke wa Hija huchota maji katika kisima hichohicho.

Jumatatu, 7 Septemba.

Telegramu kutoka Mombasa. Bwana mkubwa wa kampuni atafikia nyumba ya wageni ya serikali, keshokutwa. Nije, na nifuatane na Bwana Hija Bakar. Kwa nini mzungu wangu amjue Hija kwa jina? Bila shaka Hija kanishitaki.

Nikaificha telegramu chini ya godoro, ili Hija asijue na asije. Alasiri Hija huyo mlangoni kwangu, telegramu yake mkononi, neno kwa neno kama yangu. Kaja kuniuliza tutoke saa ngapi.

Jumatano, 9 Septemba.

Mzungu anaitwa Bwana Pelham. Kiswahili chake kina mawe, lakini kinaeleweka. Akasema kampuni ya Waingereza na ile ya Waholanzi zimeungana tangu Julai. Hakuna aliyemnunua mwenzake, akasema, ni kama ndoa. Nikajiuliza mume ni nani. Kiwanda kimoja kimefungwa huko kwao. Sabuni zote mbili sasa zinapikwa Mombasa.

Nikamuuliza, "Katika sufuria moja?"

"Moja," akasema. "Tofauti ni muhuri na karatasi tu."

Nikaikumbuka Kengeja. Akasema mwaka mpya Pemba itakuwa na wakala mmoja, naye ataamua baada ya Maulidi. Hija akaeleza kwa adabu kwamba kusini hakuuziki kitu kwa sababu ya neno fulani la nguruwe. Bwana Pelham akauliza neno hilo limetoka wapi. Hija akatazama dirishani. Hakunitaja.

Kwa nini hakunitaja? Ananiweka akiba.

Ijumaa, 11 Septemba.

Habari ya sufuria moja imeenea kisiwa kizima. Sasa Mwezi nayo ni nguruwe. Nurmohamed karudisha makasha yote manane. Wete wamerudisha. Mtu wa Pujini kaniletea mche wa sabuni alioutumia nusu, anataka nimrudishie bei ya mche mzima.

Baada ya sala Shehe Shaame akatuzuia barazani mwa msikiti, mimi na Hija, na watu wamejaa. Hija akasoma barua ya kiwanda, aliyopewa na Bwana Pelham: mafuta ya nazi na ya mawese, basi. Shehe akaridhika, na watu wakaridhika. Kisha akanigeukia mimi.

"Kificho, neno hili limetoka kwako?"

"Sikusema, shehe. Niliuliza."

"Na leo umejibiwa?"

"Nimejibiwa."

"Basi wapelekee jibu wale uliowapelekea swali. Nyumba kwa nyumba, kabla ya Maulidi."

Nikatafuta pa kutazama. Kila mahali pana uso. Hija akasema atanisindikiza. Anisindikize, au anichunge nisitoroke?

Jumapili, 13 Septemba.

Kengeja. Bi Mwanapili hakutaka kunisikiliza.

"Maneno yako tumeshayanunua, mwanangu," akasema. "Leo vua kanzu."

Akaweka beseni uani, maji, na mche wa Taji. Nimefua kanzu yangu mwenyewe, nimefunga kikoi, mbele ya wanawake wasiopungua arobaini. Huyu anasema sugua kwapani, yule anasema rudia shingoni. Ikatoka nyeupe kuliko Mwezi ilivyowahi kuitoa. Hilo nimeliandika hapa tu.

Hija kanipa kanzu yake ya pili nikasali nayo adhuhuri. Yeye mrefu. Nimekwenda nyumba kwa nyumba nimeshika pindo kama bibi harusi. Kwenye nyumba ya ishirini sauti ikanikauka, yeye akaendelea kuniombea radhi, kwa upole, kana kwamba kosa ni lake. Wakati ule, kwa kweli, nilitaka kumwomba radhi na yeye. Nilifungua kinywa. Nikamwona ananitazama, kama mtu anayengoja. Anangoja nini? Nikafunga.

Jumamosi, 19 Septemba.

Barua imekuja. Wakala wa Pemba ni Hija. Nilijua! Lakini chini yake wameandika kwamba, kwa ombi la Bwana Hija Bakar, kaskazini yote kuanzia Wete itasimamiwa na Bwana Kificho, sawa kwa sawa.

Hija kaja nyumbani na halua. Akasema, "Yakhe, wakubwa wameshaungana. Sisi tukipigana, tunampigania nani?" Mwatum akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akamkaribisha chai. Nikaitia barua saini.

Alipoondoka, Mwatum akaniambia anatumai nimepata funzo. Nikamwambia nimepata. Mtu akikupa nusu ambayo hukumwomba, ujue kuna nusu ya tatu kaificha. Akasema hakuna nusu ya tatu katika kitu chochote alichokiumba Mungu. Ndivyo hasa Hija anavyotaka tufikiri.

Kesho alfajiri napanda gari la Mgogoni, kaskazini. Hija ana shemeji yake huko, aitwaye Duni, mwenye banda ambalo kila nikipita nalikuta limefungwa.