Ombi la Kumtupa Mume Wangu Topeni

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Sherehe ya Roketi,
Kijiji cha Khok Tako.

Kaka Thongsuk,

Pokea salamu zangu za heshima, na za nyumba nzima isipokuwa mume wangu, ambaye hajui kwamba naandika. Natumaini mguu wako umepata nafuu tangu siku ya sherehe, uliposhuka jukwaani upande usio na ngazi. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nianze kwa kumsifu mume wangu, maana mama yangu alinifunza kwamba mtu hamshitaki mumewe kwa watu kabla ya kumsifu. Khamphan ni mchapakazi. Hilo hata wapinzani wake wa kijiji cha Nong Hin watalikubali. Kiangazi chote, visima vikikauka na mabwawa yakipasuka nyufa, yeye yuko barabarani na boza lake la maji tangu jogoo hajawika, anajaza mitungi ya watu. Hachagui mlango. Mwenye nacho anampelekea, na asiye nacho anampelekea pia, halafu anajifanya amesahau. Halewi kupita kiasi, hapigi mtu, hakai na wacheza karata. Starehe yake ni moja tu, nayo ni kutengeneza roketi.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuchoka, zamani sana. Mtu anayeishi kwa kuuza maji, starehe yake ni kumrushia Phaya Thaen, mungu wa mvua, roketi huko mbinguni ili ateremshe mvua! Mwaka ule tuliooana nilimwuliza, "Sasa mvua ikinyesha, maji utamuuzia nani?" Akanijibu bila hata kugeuka, "Usiwe na wasiwasi, mke wangu. Yangu huwa haipai."

Na kweli haikuwa inapaa. Moja ililipukia palepale kwenye ngazi ya kurushia. Nyingine ilikwenda kando, ikaingia kwenye banda la kuku wa kuchoma, na wewe mwenyewe, Kaka, ulikula wale kuku ukasema wameiva vizuri. Mwaka juzi ilitoa moshi tu, ikatulia, kama mzee aliyesahau alichotaka kusema. Na kila mara wenzake walimshika mikono na miguu, ngoma zikipigwa, wakamtupa topeni, kama kanuni ya kamati yako inavyoamuru: roketi ikipaa, aliyeitengeneza abebwe mabegani, ikigoma, atupwe topeni.

Mwaka huu imepaa. Imepaa ikapotea mawinguni, watu wakasahau kufunga midomo, na ilipoonekana inarudi, wapima muda wa kukaa angani walikuwa wameshaanza kunywa. Mkampa ushindi. Siku ya tatu mvua ikaanza, na mpaka leo haijakata.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naleta malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu kazi. Mitungi ya kijiji kizima imejaa inafurika. Boza limeegeshwa uani na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mchapakazi wangu hana kazi, na aliyemwachisha kazi ni yeye mwenyewe. Jirani yetu, Bibi Phikun, alimwambia juu ya uzio, "Khamphan mwanangu, tawi ulilokalia ndilo ulilolikata, tena umelikata kwa ngoma na vigelegele!" Mume wangu akamshukuru, akidhani amesifiwa. Sasa nauliza, Kaka, nauliza kwa nia njema: roketi iliyomfukuza kazi aliyeitengeneza, je, kamati inaweza kusema imefaulu? Mimi naona imegoma kuliko zote zilizotangulia, ila imegoma kwa kupaa.

2. Kuhusu maneno. Zamani Khamphan alikuwa mtu wa kusikiliza. Siku hizi hana jambo asilolitolea ushauri: paa la msikizaji, ndoa ya msikizaji, kikohozi cha nyati wa msikizaji. Haangalii tena mawingu, anayakagua. Juzi mtawa mkuu alipiga chafya hekaluni, mume wangu akamweleza kwamba upepo umegeuka. Na mezani, kabla hata hajafinyanga tonge la wali, anaanza, "Kule juu, unajua, hewa ni nyepesi." Nikamwambia, "Baba Noi, kule juu ilikwenda roketi. Wewe ulikuwa chini, umelala kifudifudi, umeziba masikio." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwanakijiji.

3. Kuhusu njia ya jikoni. Miaka iliyopita, baada ya kutupwa topeni alikaa na aibu yake kwa utulivu hadi majira ya baridi, na nyumba yangu ikawa nyumba. Mwaka huu vijiji vya mbali vimemwalika, kwa hiyo ameshaanza roketi nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Imelala ndani ya nyumba, kichwa mlangoni, mkia jikoni. Na wewe unajua mwiko: mwanamke haruhusiwi kuiruka roketi. Kwa hiyo mimi, mwenye nyumba, nikitaka chumvi natoka nje kwenye mvua, nazunguka banda la kuku, naingia kwa mlango wa nyuma, na kurudi ni hivyo hivyo. Jogoo alinishambulia siku za mwanzo. Sasa amenizoea, akiniona na sufuria ananipisha njia. Nikimlalamikia Khamphan, ananiambia, "Vumilia kidogo, Mama Noi, hii ni kwa ajili ya mkoa." Sikuolewa na mkoa.

4. Kuhusu kuitwa mke wa mshindi. Sokoni sipunguziwi tena bei. Nikishika papai bichi nikataka tuelewane, muuzaji anapaza sauti, "Jamani, hata mke wa roketi anataka apunguziwe?" Watu wanacheka, nami naondoka na papai la bei ya mshindi, lisilokuwa tamu kuliko la mtu mwingine.

5. Hili lilipaswa kuwa la kwanza. Nimeona haya, nikaliweka huku chini, nikitumaini utachoka kusoma kabla hujalifikia.

Kila mwaka, wakishamtupa topeni, Khamphan alikuwa anakuja kwangu pembeni mwa uwanja, mweusi tangu nywele hadi kucha, nami namtambua kwa meno tu kwa sababu alikuwa anacheka. Mimi nimesimama na ndoo mbili za maji na kitambaa begani. Anachuchumaa, nammwagia polepole. Mtu anayewapelekea watu wote maji, siku ile mimi ndiye niliyempelekea yeye. Anafumba macho, anasema, "Nyuma ya sikio, Mama Noi, bado kuna tope." Hatusemi zaidi ya hapo. Mwaka mzima ni wa mitungi ya watu, na siku ile alikuwa wangu.

Mwaka huu nilisimama palepale. Ndoo mbili, kitambaa begani. Wakampitisha juu ya vichwa vya watu, shada la maua shingoni, akanipungia mkono kama unavyompungia mtu unayefahamiana naye kidogo. Halafu wakaenda naye. Nikarudi nyumbani na ndoo zangu zimejaa. Kaka, sijui kama umewahi kurudisha ndoo mbili nyumbani zimejaa vile ulivyozipeleka. Ni nzito. Maji yale niliyamwagia pilipili zangu, ambazo hazikuyahitaji kwa kuwa wingu lilikuwa limeshatanda, nikalia kidogo, nikaingia kupika.

Kwa sababu hizo, naiomba kamati yako tukufu ifanye yafuatayo:

Mosi, imvue mume wangu ushindi, kwa heshima, bila kumvunjia jina.

Pili, imtupe topeni kwa sherehe hii iliyopita. Najua siku yake imekwisha, lakini tope bado lipo la kutosha, na aliyelileta ni yeye. Ngoma zisipopatikana, nitapiga sufuria.

Tatu, kuanzia mwakani kamati iteue mtu mwaminifu wa kuhakikisha kwamba roketi ya Khamphan haipai kamwe. Akikosekana wa kujitolea, mimi nipo. Nafahamu mahali baruti inapowekwa, na baada ya miaka yote ya kuishi na mwenye boza, kumwaga maji si kazi ngeni kwangu.

Utasema ni uonevu. Mimi nasema ni matunzo. Watu wengine wanatunza waume zao kwa mboga za dawa na supu za mifupa. Wangu anatunzwa na tope, na mwaka huu mmemnyima.

Nisalimie dada Chanpheng, mkeo, na umwambie kile kinu chake kikubwa bado ninacho, asinihimize, nakitumia kwa jambo ambalo si pilipili. Nisalimie mkwe wako mpya na umpe pole ya harusi iliyonyeshewa mvua, tunajua sote ni kosa la nani. Nisalimie wapima muda, kama macho yao yameshatulia. Kwa mtawa mkuu nainamisha kichwa, natumaini chafya imepona.

Mimi dada yako, mke wa mshindi kwa shingo upande,

Bualai, wa nyumba yenye boza.

Tanbihi. Bahasha hii nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Bibi Phikun ameniita sasa hivi kwenye uzio, sauti imefika mpaka hekaluni: "Bualai wee! Umesikia? Nong Hin wamepeleka mashitaka kwa kamati! Wanasema wapima muda walikuwa wamelewa, roketi ya mumeo haikuhesabiwa sawasawa! Wanataka ushindi ufutwe, na yeye atupwe topeni!"

Kaka Thongsuk, nani amewapa hao ruhusa? Mwenye haki ya kuomba mume wangu atupwe topeni ni mimi, mkewe wa ndoa, kwa sababu zangu nilizozitaja hapo juu. Siyo watu ambao roketi yao iligeuka ikamkimbiza aliyeiwasha mpaka kwenye shamba la mihogo. Roketi ya Khamphan ilipaa. Niliiona kwa macho haya, na shingo iliniuma siku mbili. Mvua hii inayovujia jikoni kwangu imeletwa na nani, na Nong Hin? Na pale juu nilipoandika kwamba wapima muda walikuwa wameshaanza kunywa, tafadhali elewa kwamba walikuwa wanakunywa maji.

Nilimpa Khamphan habari hizo. Nilidhani atanihutubia juu ya hewa ya huko juu. Hakuhutubia, kwa mara ya kwanza tangu ashinde. Alisugua sugu za viganja vyake, halafu akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha topeni. Akasema, "Basi tuirushe hii mpya mbele yao, palepale uwanjani kwetu. Ikigoma, wanitupe, wala sitang'ang'ania mtu." Kisha akainama kukaza kamba ya mkia, akaniuliza bila kunitazama, "Utakuja na ndoo zako?"

Nimemwambia nitakuja.

Kwa hiyo futa malalamiko namba moja hadi nne. Futa ombi la kwanza, la pili na la tatu, hasa la tatu, maana mkaa wa baruti ya roketi hii mpya nimeutwanga mimi, kwenye kinu cha mkeo. Mwiko unamkataza mwanamke kuiruka roketi. Kuhusu kutwanga hausemi kitu. Namba tano iache kama ilivyo, ila usimwonyeshe mtu.

Panga siku, Kaka, na Nong Hin waje wote. Nitasimama mahali pangu pa siku zote na ndoo mbili na kitambaa begani. Nawe ukifukiza ubani asubuhi hiyo, niombee zirudi nyumbani zimejaa.