Kavetsa Aukomboa Wimbo wa Wageni

Sogeeni, enyi watu wa Langas, nanyi mnaochimba viazi huko Ainabkoi wekeni jembe chini, msikie vita vilivyopiganwa Jumapili asubuhi ndani ya ofisi ya kanisa, juu ya meza moja, kwa kidole kimoja.

Ofisini humo ilitawala kompyuta kongwe, isiyojua kipanya wala picha, ila kioo cheusi na amri za kuandikwa. Tumboni mwake ulilala wimbo mpya wa beti tisa wa kuwapokea wageni kutoka Plateau, na hakuna mwanakwaya aliyekuwa ameukariri.

Mzee Oyugi, simba wa besi na mwalimu wa kwaya, alilelewa akijua kwamba mgeni hakaribishwi penye taka. Alifagia sakafu, akapangusa madirisha, kisha akaifagia na kompyuta: akaiamuru ifute vyote. Mashine ikamuuliza kama ana hakika.

“Mimi nikose hakika?” akanguruma, akabonyeza. Wimbo ukatoweka.

“Yaani Mzee umefagia mpaka wimbo?” akalia Mama Rosebella, tarumbeta ya soprano. “Na wageni wameshafika kwa geti!”

“Tulia, Mama. Nitaandika upya zile beti nakumbuka.” Akainua mikono juu ya vibonyezo.

Hapo ndipo alipoinuka Kavetsa, mchapaji wa matangazo, msichana ambaye hata salamu aliitoa kwa kunong'ona. Yeye peke yake aliijua siri ya mashine: haitupi kilichofutwa, hula tu herufi ya kwanza ya jina lake na kuacha mlango wazi, na neno jipya likiingia hulala palepale.

“Mzee, usiguse!”

Mikono ya simba ikaganda hewani. “Ni mimi unaambia hivyo?”

“Ni wewe, Mzee. Nisamehe. Ukiandika kitu sasa kitakalia wimbo, na hautarudi tena.”

“Toka kwa kiti, Mzee,” akasema Mama Rosebella. “Leo umenguruma ukajibiwa.”

Kavetsa akaketi, akaandika amri ya kurudisha. Kioo kikamwonyesha jina lisilo na kichwa: alama ya kuuliza, kisha IMBO. Kikamdai herufi iliyoliwa. Akabonyeza W.

Kisha beti zikapanda kiooni, moja, mbili, hadi ya tisa, na printa ikaanza kukereza karatasi kwa kelele za jeshi linalorudi nyumbani.

Mzee Oyugi akaichukua karatasi ya kwanza, akampa Kavetsa kwa mikono miwili.

“Anzisha wewe,” akasema.

Na iandikwe basi katika habari za Eldoret: asubuhi hiyo wageni wa Plateau walipokewa kwa beti zote tisa, na sauti iliyotangulia, ikitetemeka lakini isikatike, ilikuwa ya Kavetsa.