Waziri wa Mambo ya Nje wa Ziwa Lote

Jumatatu, 22 Novemba 1999. Homa Bay

Siku mbaya mpaka saa ya taarifa ya habari. Baada ya hapo, siku nzuri ajabu!

Asubuhi Phanice kanipa onyo la mwisho. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Mke wangu akipiga kelele, jambo bado linazungumzika. Leo kasema polepole, huku akipepeta mchele. Kasema tangu Ulaya wakatae samaki wetu mapema mwaka huu, ati wana sumu, pikapu yangu imekuwa banda la kuku. Kweli, kuku wanalala ndani, lakini ilikuwa lazima aseme? Kama mwezi huu utaisha sijapata mnunuzi, tunahamia kwao Lambwe, nikamlimie baba yake.

Mimi! Dalali wa samaki! Nikalime ukweni!

Kwetu Waluo mtu na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja. Hawali pamoja. Kupeana mkono ni aibu ya kufa nayo. Sasa nikiishi pale, nitapita wapi? Nitakula wapi, juu ya mti?

Nilikuwa nawaza hayo redio iliposema. Kenya, Uganda na Tanzania zinatia sahihi mkataba wa Jumuiya kule Arusha, tarehe thelathini. Mtangazaji akaeleza kwamba hata mambo ya nje watayapanga pamoja. Wakizungumza na mataifa ya mbali, wazungumze kwa sauti moja. Nikaruka kitini. Chai ikamwagika. Phanice akaguna.

Maana Jumamosi anakuja Bwana Jens, mnunuzi wa samaki kutoka Denmark! Analizunguka ziwa akitafuta watu wa kufanya nao kazi soko la Ulaya likifunguliwa. Uganda ameshapita, sasa yuko Mwanza, atavuka mpaka aje Migori. Kila dalali anamvizia. Tukimvuta kila mtu upande wake, atatuzungusha mpaka tumpe samaki bure. Dawa ni moja. Nchi tatu, madalali watatu, sera moja ya nje, msemaji mmoja.

Msemaji huyo simtaji. Mtu hajisifu katika shajara yake.

Ni mimi.

Jumatano, 24 Novemba. Mbita

Kikao cha kihistoria. Tumekutana kwenye kibanda cha chai karibu na kivuko. Kwa upande wa Tanzania, Nchagwa. Mkurya mrefu wa Tarime anayenunua samaki Shirati, na akisema jambo dogo utadhani anaita ng'ombe walio mlima wa pili. Kwa upande wa Uganda, Wangwe wa Majanji. Mseja. Mpole. Anatafuna njugu kutwa, na maneno yake kwa siku hayajazi kiganja. Kwa upande wa Kenya, mwandishi wa shajara hii, ndani ya tai.

Tulikwama kwenye ajenda ya kwanza, jina la samaki. Mimi nikasema mbuta. Nchagwa akasema hakuna kitu kama hicho duniani, samaki yule anaitwa sangara. Wangwe akasema kwao ni mputa. Nchagwa akapiga meza. Mimi nikapiga meza. Mama wa chai akatuambia meza si yetu. Baada ya chai ya pili tukakubaliana kwamba mbele ya mgeni ataitwa Yule Samaki Mkubwa.

Halafu msemaji. Nchagwa akadai awe yeye, ati Watanzania ndio wenye Kiswahili. Nikamwambia kwamba Jens anasema Kiingereza. Akajibu basi hata mimi ninyamaze, Kiingereza changu anakijua. Maneno ya kichokozi kabisa! Tukamgeukia Wangwe aamue. Akameza njugu, akasema kwa adabu ya kwao, yeyote tu, ssebo. Nikaichukua hiyo kuwa kura yangu.

Tukaapa, mikono ikiwa ndani ya maji ya ziwa. Hakuna kumwona Jens peke yako. Hakuna kumpa zawadi kando. Tutakula naye Jumamosi mchana Migori, katika hoteli ya Shamima, sote pamoja.

Nimerudi nyumbani nikiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Ziwa Lote. Nimemwambia Phanice. Kauliza kama waziri anaweza kuteka maji.

Alhamisi, 25 Novemba. Migori, kisha nyumbani

Usingizi umenikataa. Nchagwa aliapa haraka mno. Mtu mwaminifu husitasita kidogo, hufikiria. Yule alitumbukiza mkono majini kama anayeokota sabuni. Ana lake! (Na mimi niliapa haraka, lakini yangu ilikuwa bidii.)

Nimezunguka uani tangu alfajiri mpaka kuku wakanihama. Na pale uani ndipo mpango ukaja. Yawa! Mpango mtamu!

Wakurya nao humheshimu mama mkwe kama sisi. Akitokea mbele, mkwe hutokea nyuma. Na mama mkwe wa Nchagwa yuko hapo hapo Migori! Mama Rispa, anauza wimbi sokoni. Nikapanda gari la kwanza.

Nimemkuta, nimemsalimia kwa adabu zote, nimepima wimbi nisilolihitaji. Nikamwambia kuna mgeni kutoka ng'ambo ambaye hawezi kula kabla ya kusalimiwa na akina mama wa mji. Aje Jumamosi kwa Shamima, chakula kikishaandaliwa. Kuhusu mkwe wake nilinyamaza. Hakuuliza.

Mama Rispa kafurahi. Ila kasema hawezi kwenda peke yake katikati ya wanaume. Wiki hii Migori kuna mkutano wa akina mama wa kanisa, wamekuja kutoka kila pembe, na kwake amelaza mgeni mmoja. Atakuja naye. Nikamwambia alete hata kanisa zima!

Je, nimevunja mkataba? Hata kidogo. Mkataba ni wa mambo ya nje. Mama mkwe ni mambo ya ndani.

Niliporudi Phanice alikuwa anasimulia jambo refu la mama yake na kanisa na safari. Nilikuwa napiga tai pasi. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, Mungu amfikishe salama.

Jumamosi, 27 Novemba. Migori

Mgongo umekataa kunyooka. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi na mapema nilikuwa kwenye kituo cha mafuta, barabara ya Isebania, na mbuta mkubwa ndani ya gunia bichi. Sikuwa navunja kiapo. Waziri yeyote humpokea mgeni wake mpakani, na hawezi kumpokea mikono mitupu.

Nyuma ya pampu kulikuwa na mtu amesimama. Ana gunia. Gunia linadondosha maji.

Nchagwa!

Tulitazamana. Akasema amekuja kuhakikisha kwamba mimi sijaja. Nikamwambia nami nimekuja kwa hilo hilo. Nikamuuliza gunia ni la nini. Akauliza langu ni la nini. Tukaangalia barabara.

Mara tukasikia njugu zikivunjwa. Wangwe alikuwa amekaa kwa fundi wa magurudumu, mikono mitupu, ametulia. Akasema alijua tutakuwa hapa, basi akaona aje ili angalau tuwe sote pamoja kama tulivyoapa. Sikupenda alivyolisema. Mtu mwingine angepiga kelele tu yaishe.

Gari la Jens likaingia. Mimi nikakimbilia dirisha la kulia, Nchagwa la kushoto. Samaki wawili waliingia kwa pamoja wakakutana mapajani mwa mgeni. Jens ni mwekundu, mpole, ana kofia ya majani. Akasema amefurahi sana kutuona na tutaonana mchana. Akaomba kama inawezekana samaki watolewe.

Sasa mchana. Ee Mungu.

Shamima alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Yeye na watu wake walitoka Mombasa zamani, na kwa wali hana mpinzani Migori nzima. Jens katikati, mimi kuliani kwake. Nikaanza kula kichwa cha samaki ili kumwonyesha mgeni kwamba hakina sumu. Nikaanza na hotuba pia. Sikufika mbali, Nchagwa akadakia ati Tanzania ina neno. Nikatabasamu. Nikatazama mlango.

Mama Rispa akaingia.

Lo! Mtu mrefu vile nilidhani hawezi kujikunja. Alijikunja! Nchagwa alitoka kitini bila kusimama, akaambaa ukuta, akajitupa kwenye dirisha la nyuma. Ndala moja ikabaki chini ya meza. Moyo wangu ukaimba. Tanzania imeondoka mkutanoni!

Kisha Mama Rispa akasogea pembeni kumpisha mgeni wake.

Kitambaa cha kichwa cha bluu. Miwani. Mwendo ule wa taratibu.

Mama Phanice! Mama mkwe wangu! Wa Lambwe! Na mimi nimeuma jicho la samaki, mchuzi mpaka kwenye tai!

Mlango ulikuwa wake. Kilichobaki ni dirisha, na dirishani alikuwa bado Nchagwa, amekwama kiunoni. Sikuwa na la kufanya. Nikamsukuma. Yeye, nje huko, akanishika kola akavuta. Nadhani tangu ziwa liumbwe Kenya na Tanzania hazijawahi kushirikiana namna ile. Tukaangukia sufuria za Shamima. Shamima akaja na mwiko akatuita majina ya Mombasa ambayo siyajui na sitaki kuyajua.

Tukajificha nyuma ya magunia ya makaa, bega kwa bega. Nchagwa akaninong'oneza, mura, kijana wewe, nani alimwita mama mkwe wangu? Nikamwambia dunia ni ndogo.

Na ndani tukasikia sauti. Ya Wangwe! Anawakaribisha akina mama, anavuta viti, anamtambulisha mgeni. Kisha akaendelea kusema, na kusema, na kusema. Kumbe maneno alikuwa nayo!

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu yule hajaoa. Hana mama mkwe. Hakuna mtu duniani anayeweza kumtoa dirishani.

Jumapili, 28 Novemba. Homa Bay

Wangwe kaja mwenyewe nyumbani kwangu kuleta habari. Nilimpokea nikiwa nimelala. Mgongo.

Jens aliuliza sisi wawili tumekwenda wapi. Wangwe akamwambia wametoka nje kwa heshima ya mama wakwe, ndiyo desturi huku, na watu wanaoheshimu hivyo hawawezi kumuuzia mtu samaki mbovu. Jens kapendezwa sana. Wangwe kamwambia pia kwamba pwani zote tatu ni kitu kimoja. Ukitaka samaki wa mmoja, umechukua wa watatu, kwa masharti yale yale. Jens kakubali! Soko likifunguliwa atachukua kwetu sote. Kwa sasa anataka gari la kukusanya samaki wa kupimwa, kuanzia wiki ijayo. Wangwe akamwambia lipo, liko Homa Bay.

Pikapu yangu.

Angeweza kuchukua yote yawe ya Uganda. Hakuna aliyekuwa pale kumzuia.

Phanice kalia kwa furaha. Kamchinjia Wangwe kuku, tena yule aliyekuwa analala kwenye kiti cha dereva. Lambwe basi! Na mama yake katuma salamu kupitia Mama Rispa. Kasema Jumamosi hakuona mtu yeyote anayemjua, aliona tu nyayo za viatu vya bwana mmoja zikipaa. Mama mwenye adabu kuu.

Ningefurahi. Nilijaribu. Lakini kuna neno dogo Wangwe alilisema mwishoni, akitafuna paja. Jens kaomba kuanzia sasa azungumze na mtu mmoja tu kwa niaba ya wote. Wangwe.

Nikaacha kula. Ameniokoa! Nani alimtuma? Nusu saa niko nyuma ya makaa, narudi wizara haipo!

Jumanne, 30 Novemba. Homa Bay

Wametia sahihi! Redio imejaa ngoma na vigelegele. Nimesikiliza nikiwa nimesimama, kwa heshima, na kwa sababu ya mgongo.

Na nimepata jawabu. Siku mbili nimezunguka uani, leo limekuja lote zima. Nguvu ya Wangwe si akili, ni useja. Basi aozwe!

Na mchumba yupo. Dorine, mdogo wake Phanice, mwalimu wa chekechea kule Lambwe. Mzuri, mcheshi, hajaolewa. Mshenga nitakuwa mimi mwenyewe. Wangwe akishaoa, tunamngoja Jens arudi. Siku hiyo namwalika mama mkwe wake mezani. Wangwe anatoka dirishani. Nani anabaki na mgeni? Mimi!

Nimemweleza Phanice mpango wote. Kwa mara ya kwanza kanisikiliza mpaka mwisho bila kuguna. Kisha kauliza swali moja tu. Mama yake Dorine ni nani?

Nimeshangaa. Mtu mzima hamjui mama yake! Nikamjibu ni mama yako, bila shaka. Kacheka mpaka kakaa chini, kachozi kakamtoka. Nikamuuliza cha kuchekesha ni nini. Kasema hakuna, mpango ni mzuri, niende tu.

Kanikumbusha kwamba mshenga lazima akae kule mpaka maneno yaive, na kwa familia yao hayaivi upesi. Nimesema sawa. Pikapu nakwenda nayo. Kwa wiki hizo za mwanzo Wangwe na atafute gari lingine, mambo makubwa hayawezi kungoja samaki.

Naondoka kesho asubuhi. Phanice kanifungia nguo, sabuni, na shati kuukuu. Ametia na jembe nyuma ya pikapu. Sijui la nini.