Mwanga Uliobaki Chini ya Mwani

Jumatatu, 3 Novemba

Sikukuu. Kituo kizima cha utafiti kimeondoka na feri ya asubuhi. Nimebaki mimi, pampu za maji ya bahari na kaa wa kwenye tangi la maonyesho. Siku nzuri ya kupanga mambo. Profesa Hirabe, mkuu wetu, ametangaza kwamba kuanzia Aprili kituo kitabaki na mtafiti mmoja tu. Tuko wawili: mimi, Tadokoro, niliyeota mvi hapahapa, na Mizuhara, binti aliyefika juzijuzi na tayari anajua majina ya wajukuu wa mpishi.

Mpango ni huu. Klorofili ya kawaida, ile rangi ya kijani ya majani yote, hunywa mwanga mwekundu hadi mahali fulani, basi. Wekundu wa mbali zaidi, ambao macho yetu hayauoni vizuri, huachwa upite. Lakini wapo sianobakteria wachache, vijidudu vya majini, wenye klorofili ya aina nyingine inayoudaka hata huo. Huishi kivulini, chini ya wenzao, wakila mwanga uliobaki. Nikiwapata kisiwani hapa, kazi ni yangu. Nimekwangua ute kwenye nguzo za gati. Nimekula tonge la wali nikiwa nimesimama. Hakuna aliyeniuliza nimeshindaje.

Jumatano, 5 Novemba

Mizuhara kaja mezani kwangu. Anatafuta kitu kilekile! Akaniuliza kwa adabu, ningekuwa mimi ningeanzia wapi. Nikamwelekeza nyuma ya kituo, kwenye mwamba uliofunikwa na mwani mwekundu mzito. Pachafu, panateleza, na chini ya mwani ni giza tupu. Atapata nini pale zaidi ya mafua? Akainama kunishukuru. Alirudi amelowa hadi kiunoni, anacheka. Roho ikanisuta kidogo. Nikanywa chai, ikaacha.

Alhamisi, 20 Novemba

Chupa zetu za ute tuliokwangua zimo katika kabati moja, chini ya taa ya wekundu wa mbali. Ukichungulia unaona kama hakuna taa. Yangu imepauka. Yake sikuitazama. Sawa, niliitazama. Ina umanjano-kijani pembeni. Uchafu, bila shaka.

Nimeihamishia yangu kwenye dirisha la stoo, ipate jua la kawaida mpaka ijipe nguvu. Halafu nitairudisha. Si udanganyifu, ni uuguzi.

Bibi Okuda, mpishi wetu, kaniuliza mbona sikai mezani na wenzangu. Nikamjibu nina kazi nyingi. Nikaenda kuiangalia chupa. Haikuwa imebadilika.

Jumatatu, 8 Desemba

Imestawi! Kijani kinachong'aa! Nimeirudisha kabatini kimyakimya, kisha nikamwita Profesa aje ajionee maajabu yanayoota gizani. Kasema Ijumaa tutapima za wote wawili. Nimeshachagua jina la kisayansi, lenye Tadokoro ndani yake. Nilitaka kumwambia mtu. Nikamwambia kaa.

Ijumaa, 12 Desemba

Vipimo. Rangi ikakamuliwa kutoka kila chupa na kuwekwa kwenye mashine inayoonyesha ni mwanga upi unaonywewa. Mstari wa chupa yangu ulipanda na kushuka palepale unapopanda na kushuka mstari wa mchicha. Klorofili ya kawaida kabisa. Profesa akauliza kwa upole iliwezaje kuota chini ya taa ile. Nikasema labda ina bidii. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ikaja ya Mizuhara. Mstari ukapanda mbali, kule kwenye wekundu usiofikiwa na jani lolote. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mizuhara akasimama.

"Pale mahali nilionyeshwa na Mwalimu Tadokoro," akasema. "Mimi mwenyewe nisingepafikiria."

Wakanipigia makofi. Makofi ya kweli. Miaka yote hii sijawahi kupigiwa makofi katika jengo hili. Nikabaki nazitazama ndala zangu.

Jumamosi, 13 Desemba

Mizuhara kagonga mlango wa chumba changu. Nafasi ya Aprili ameipata yeye. Anasema anataka jina langu liwe kwenye makala pamoja na lake, na amemwomba Profesa anitafutie mkataba mdogo, tufanye kazi pamoja. Nikamwambia nitafikiria. Hakuondoka.

"Bibi Okuda kapika chungu cha samaki," akasema. "Njoo tule, mwalimu. Kila Jumamosi tunakuwekea bakuli, na kila Jumamosi tunaliosha likiwa safi."

Nikaelewa papo hapo. Kila Jumamosi! Kumbe wamekuwa wakinitega muda wote huu. Wanishibishe samaki, niropoke mwamba mwingine. Nikamwambia tumbo linanisumbua. Akainama, akaenda.

Nimekula tambi za kikombe. Harufu ya samaki inafika mpaka huku, na vicheko pia. Bibi Okuda anaimba. Sijatoa siri hata moja. Jumatatu nitamwelekeza Mizuhara upande wa kaskazini, kwenye pango la maji chini ya mnara wa taa ya meli, ambako nina hakika hakuna kitu kabisa.

Leo nimeshinda mimi.